Hesabu Siku Kumi Nyuma: Historia ya Nzi katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Hili ni somo letu la historia, na kabla hujafunga redio yako, au hujageuza ukurasa ikiwa walisoma somo hili kitabuni, nakuomba uvumilie kidogo. Najua kwamba neno historia likitajwa watu wengi hungojea kusikia habari za masultani, magavana na vita. Leo masultani na magavana watapita, lakini watapita upesi. Mwenye somo la leo ni nzi.

Wewe uliye Temeke, Kinondoni, Mbagala, Tandale au Manzese, bila shaka umepata kuona jambo hili. Jana nyumba ilikuwa na nzi wawili watatu, wale wa kila siku ambao hakuna anayewahesabu. Leo asubuhi wafungua mlango wa uani na kuta zimekuwa nyeusi. Kamba ya nguo nyeusi, mfuniko wa sufuria mweusi, na mtoto aliyelala mkekani nzi wamejipanga pembeni mwa macho yake. Kila mtu katika nyumba auliza: wametoka wapi? Na jibu hupatikana upesi mno. Wametoka kwa jirani.

Swali hilo la "wametoka wapi" ni swali la historia kabisa, na yafaa tulijibu kama tunavyojibu maswali mengine ya historia, yaani kwa kutafuta tarehe.

Sikiliza basi maisha ya nzi wa nyumbani. Nzi jike hutaga mayai kwa mafungu, kiasi cha mayai 75 mpaka 150 kila fungu, na katika umri wake wa majuma mawili hadi manne aweza kutaga mafungu kadha. Hutaga penye unyevu na kitu kinachooza: samadi, mabaki ya chakula, maganda ya maembe, kinyesi. Katika joto la pwani mayai huanguliwa kwa muda usiozidi siku moja. Buu hula kwa siku nne hadi saba. Akishiba huuacha ule unyevu, akatambaa kutafuta mahali pakavu, chini ya udongo au ukingoni mwa ukuta, na hapo hujifunga ndani ya ganda la kahawia kama punje ya mtama mwekundu. Siku tatu hadi sita baadaye ganda hupasuka na nzi kamili hutoka, mwenye ukubwa wake wote. Nzi hakui baada ya kutoka. Wale wadogo unaowaona ni wa kabila jingine, si watoto wa hawa wakubwa.

Jumlisha siku hizo. Utapata nane, kumi, pengine kumi na nne. Maana yake ni kwamba kundi lililokuamsha leo halikuanza leo. Jambo lililolileta lilitendeka siku kumi hivi zilizopita, na mtu aliyelitenda amekwisha kulisahau. Kwa hiyo, badala ya kumtazama jirani, hesabu siku kumi nyuma. Siku hizo mvua ilinyesha? Kulikuwa na arusi au msiba mtaani, ng'ombe akachinjwa na utumbo ukafukiwa juu juu? Guta la taka lilikosa kupita? Choo cha nani kilijaa?

Kuna namna moja isiyofuata hesabu hii sawasawa, nayo niitaje ili nisikupoteze. Ikiwa nzi wako ni wakubwa, wa kijani au buluu ya kung'aa, nao wanagonga kioo cha dirisha kwa kelele, hao mara nyingi ni nzi wa mzoga. Panda darini utafute panya aliyekufa. Mzoga ukiondolewa, au ukikauka, nao huisha.

Sasa nitakuambia kisa changu mwenyewe, maana si haki mwalimu kusahihisha daftari za wenzake na kuficha lake. Miaka michache iliyopita nilipanga chumba katika nyumba moja huko Temeke. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo na jiko la wote. Chumba cha mbele alikaa mama mmoja aliyekuwa mama ntilie. Alipika uani wali, maharage na mchuzi wa samaki, akawauzia mafundi wa karakana iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilipoanza, nzi wakatuingilia kwa ghafla namna ile niliyoieleza. Juma lile lile mtoto wa chumba cha nyuma akashikwa na kuharisha, na siku ya pili kukawa na damu. Alipelekwa zahanati na, namshukuru Mungu, akapona. Lakini wapangaji walikuwa wameingiwa na hofu, na hofu hutaka mtu wa kulaumiwa.

Mwenye nyumba alituita kikao. Nami, kwa kuwa nina stashahada ya chuo kikuu na ni afisa elimu, niliombwa kusema neno. Nilisema. Nilieleza habari za vijidudu na usafi wa vyakula, nikasema kwa lugha ya adabu kwamba biashara ya chakula na makazi ya watu havipatani katika uwanja mmoja. Yule mama hakujibu kitu. Kesho yake alihamisha mafiga yake ng'ambo ya barabara, mahali pasipo kivuli wala maji, na wateja wake wakapungua zaidi ya nusu.

Hapo nitakiacha kisa hiki kwa muda, tuingie katika habari za mji. Tutakirudia.

Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870 na kazi ikalala. Wajerumani waliufanya mji huu makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Mwaka 1897 alifika hapa Robert Koch, yule daktari mashuhuri aliyekuwa ameeleza kijidudu cha kipindupindu mwaka 1884, akachunguza malaria na maradhi mengine. Namtaja kwa sababu elimu yake iligeuza macho ya watawala. Kabla ya hapo watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa mbaya na harufu. Sasa walianza kutazama maji, kinyesi, na wadudu wanaotembea baina ya kinyesi na chakula.

Mwaka uliofuata, 1898, nchi nyingine ilipata somo hilo kwa uchungu. Marekani ilikuwa vitani na Hispania, na askari wake walikusanywa makambini. Homa ya matumbo iliwaua wengi kuliko risasi. Tume ya madaktari, Walter Reed akiwa mmoja wao, iliona nzi wakitua juu ya chakula cha askari na miguu yao ni myeupe kwa chokaa. Chokaa ile ilikuwa imemwagwa vyooni. Sidhani kama kuna ushahidi ulio wazi kuliko huo: nzi alikuja mezani na hati ya safari miguuni.

Huo ndio ubaya wa mdudu huyu. Hana meno, haumi wala hachomi. Hawezi kula kitu kigumu, hivyo hutapika mate yake juu ya chakula chako ili kilainike, kisha hukifyonza. Hata ladha huionja kwa miguu, kwa sababu hiyo hutembea tembea juu ya kitumbua kabla ya kuamua. Na alikotoka kabla ya kitumbua wewe wakujua.

Turudi Dar es Salaam. Waingereza waliingia mwaka 1916, na katika miaka ya 1920 waliugawa mji kwa sheria za ujenzi katika maeneo matatu. La kwanza lilikuwa la nyumba za Kizungu upande wa bahari, la pili la maduka na nyumba za Wahindi, na la tatu la Waafrika, Kariakoo na baadaye Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa wazi uwanja wa Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Basi, mimi nimesoma historia miaka kadha na nimejaribu kuwa mwadilifu kwa watu wa zamani, lakini hapa sioni namna ya kuwatetea. Mtu akiamini kweli kwamba uchafu wa mtaa wa tatu waweza kuua mtaa wa kwanza, dawa yake ni kupeleka bomba, mitaro na magari ya taka katika mtaa wa tatu. Wao huduma hizo waliziweka mbele katika mtaa wa kwanza, na katika mtaa wa tatu wakampeleka Bwana Afya na kitabu chake cha faini. Nzi huruka kilomita moja na zaidi bila kuuliza eneo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji ulianza kufurika. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha watu 69,227. Ile ya 1957 ilionyesha 128,742. Serikali ya kikoloni ikapima viwanja na kujenga nyumba za Waafrika nje ya mji wa zamani: Temeke, Magomeni, Kinondoni. Ndipo vilipozaliwa vitongoji vyetu. Waliojijengea walijenga nyumba ya Kiswahili, na mimi naipenda nyumba hiyo, lakini ilikuja na shida yake. Kijijini choo huwa mbali, mbele ya migomba. Katika kiwanja cha mjini choo cha shimo, jiko na kamba ya nguo vyote vimo ndani ya ua mmoja, hatua saba nane kutoka kimoja hadi kingine. Safari ya nzi ikawa fupi kuliko ilivyopata kuwa.

Wakati huo huo dunia ilidhani imekwisha kupata dawa. Mswisi Paul Müller alikuwa amegundua mwaka 1939 kwamba DDT huua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Lakini hata kabla hajapewa, mwaka 1946 na 1947, habari zilitoka Sweden na Italia kwamba nzi wa nyumbani hawafi tena kwa DDT. Wachache waliostahimili ndio waliozaa, na kizazi cha nzi ni majuma mawili tu, kwa hiyo ukoo mzima hubadilika haraka. Hii ndiyo sababu ukinunua kopo la dawa dukani, ukapuliza leo, ukapuliza kesho, mwezi ujao waona nzi wanapaa na kutua kama kawaida. Nawe umevuta dawa ile usiku kucha pamoja na watoto.

Tulipopata uhuru mwaka 1961 Dar es Salaam ikatangazwa kuwa jiji. Mwaka 1967 watu walikuwa wamezidi 270,000. Kisha mwaka 1972 serikali ilianza mpango wa madaraka mikoani, na halmashauri za miji, pamoja na ya Dar es Salaam, zikavunjwa. Nia ilikuwa kupeleka maendeleo vijijini, na vijiji vilistahili. Lakini kazi ya halmashauri ya mji ni kazi ya kuudhi isiyo na sifa: kuzoa taka kila siku, kunyonya vyoo, kusafisha mitaro. Asipokuwapo mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, haifanyiki. Halmashauri zilirudishwa mwaka 1978. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia kwa nguvu mwaka 1977.

Katikati ya miaka hiyo kuna jambo ambalo sisi wa elimu ya watu wazima hatuna budi kulitaja kwa fahari. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili nchini kote walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu kilicholingana na kipindi, kisha wakaamua watafanya nini. Viongozi wa vikundi 75,000 walifunzwa. Walizungumza juu ya malaria, kichocho, safura, kifua kikuu na kuhara damu, na baada ya mazungumzo walishika majembe wakachimba vyoo. Somo hili unalolisoma limezaliwa katika ukoo huo. Hata hivyo nina neno moja la kusema juu ya kampeni ile, bila kuivunjia heshima. Ilifaa zaidi kijijini, ambako mtu anaweza kuchimba shimo, kufukia taka zake na kumaliza shida yake mwenyewe. Mjini mtu hawezi kumaliza shida yake mwenyewe. Ukifagia uwanja wako vizuri namna gani, taka zile lazima ziende mahali, na mahali pale kuna mtu anakaa.

Hapo ndipo tunapofika katika sehemu ya historia hii ambayo mimi naiona ni ya maana kuliko zote, nayo haijulikani inavyostahili.

Taka za Dar es Salaam zilikuwa zikimwagwa Tabata. Watu wakajenga, wakaishi, na dampo likaendelea: moshi wa taka zinazoungua mchana na usiku, harufu, na makundi ya nzi yakiingia majumbani. Walilalamika mpaka wakachoka kulalamika. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu kuishtaki halmashauri ya jiji, na wakashinda. Mahakama iliamuru taka zisimwagwe tena pale, na jiji litafute mahali pasipo na madhara kwa watu. Jiji likaomba muda. Likapewa. Likaomba tena. Taka zikaendelea kumwagwa. Mwaka 1991 lilirudi mahakamani kuomba muda mwingine, likamkuta Jaji Lugakingira. Jaji alikataa. Alisema kwa maneno makali kwamba hajapata kusikia mamlaka ya umma ikija mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaihusisha kesi ile na haki ya kuishi iliyo katika Katiba yetu, ibara ya 14.

Fikiri jambo hilo, msomaji. Haki ya kuishi, ambayo tumezoea kuisikia katika mambo ya mauaji na kunyongwa, ilitajwa mahakamani kwa ajili ya moshi, harufu na nzi.

Taka zikahamishwa. Zikapelekwa Kunduchi Mtongani, wilaya ya Kinondoni. Wakazi wa Kunduchi nao walikuwa wamesoma magazeti. Mwaka huo huo wa 1991 mkazi mmoja pamoja na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, wakaeleza kwamba eneo lao katika mpango wa jiji ni la makazi, na nao wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, kando ya Mto Msimbazi, katika miaka ya 1990. Wakazi wa Vingunguti nao wakapiga kelele. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikahamia Mtoni, wilaya ya Temeke, na mwaka 2007 dampo la Pugu Kinyamwezi likaanza kutumika, mbali na katikati ya jiji.

Ukiitazama safari hiyo kwenye ramani utaona taka zikifukuzwa kutoka mtaa hadi mtaa, kila mara zikienda kwa watu ambao bado hawajakwenda mahakamani. Sisemi hivyo kuwapunguzia sifa watu wa Tabata na Kunduchi. Walichofanya kilikuwa kikubwa, na sheria ya mazingira ya nchi hii inawadai shukrani. Nasema tu kwamba kushinda kesi hakukumaliza nzi, kuliwahamisha. Ninapoyafikiri hayo hukumbuka mafiga ya mama ntilie yakivuka barabara.

Upande wa vyoo historia ni nyepesi kidogo. Katika miaka ya 1970 mtafiti Peter Morgan wa maabara ya Blair, nchini Rhodesia ambayo sasa ni Zimbabwe, alitengeneza choo cha shimo chenye bomba refu la kutolea hewa, na wavu mdomoni mwa bomba. Upepo ukipita juu huvuta hewa ya shimoni, harufu ikatokea juu badala ya chumbani. Nzi wa nje hufuata harufu, wakaishia kwenye wavu. Nzi wa shimoni hufuata mwanga, nao wakapanda bombani wakakwama humo humo. Alipima vyoo viwili vilivyofanana kwa siku 78. Kile kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953. Chenye bomba, 146.

Sasa tembea katika mtaa wako uangalie. Mabomba ya vyoo utayaona mengi. Nyavu je? Mimi nimehesabu katika mtaa mmoja wa Temeke nikachoka kutafuta. Bomba lisilo na wavu si choo cha Morgan. Ni dohani ya kupitishia nzi. Wavu hugharimu kidogo sana, nao hutobolewa na gesi za choo baada ya muda, kwa hiyo lazima utazamwe na kubadilishwa. Tena chumba chenyewe kiwe na giza kiasi, la sivyo nzi wa shimoni atafuata mwanga wa mlango badala ya mwanga wa bomba. Na kuna desturi moja ya mji huu ambayo wote twaijua na hatuisemi redioni: kutapisha choo wakati wa masika. Mvua kubwa ikinyesha, mtu hutoboa shimo usiku na kuliachia liende na maji. Najua kwa nini hufanywa. Gari la kunyonya ni ghali, vichochoro vyenyewe gari halipiti, na maji ya ardhini yako juu. Lakini hesabu siku kumi baada ya usiku ule. Na kabla ya nzi huja maradhi yenyewe. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza tena Dar es Salaam, katika Kinondoni, kisha kikaenea mikoani.

Je, kupunguza nzi kwafaa kitu kweli, au ni usafi wa kupendeza macho tu? Swali hili lilipimwa. Katika vijiji vya Pakistan, watafiti walipodhibiti nzi katika miaka ya 1990, kuharisha kwa watoto kulipungua kwa asilimia 23. Si ugonjwa wote, maana maji na mikono vina sehemu yao kubwa. Lakini kila watoto wanne waliokuwa waugue, karibu mmoja hakuugua.

Basi turudi uani kwetu Temeke, nikumalizie kisa. Mama ntilie alikuwa amekwisha kuhama majuma mawili, na nzi walikuwa wale wale. Hili lilinishangaza, kisha likaanza kunisumbua. Jumamosi moja nilikwenda nyuma ya bafu kuchukua gunia la samadi ya kuku nililokuwa nimelinunua kwa ajili ya kitalu changu cha mchicha. Nilipoliinua, chini yake kulikuwa kunachemka. Mabuu meupe kwa maelfu, na ukingoni mwa ukuta, katika udongo mkavu, yale maganda ya kahawia kama mtama uliomwagika. Nikaketi juu ya ndoo nikahesabu. Gunia nililinunua Jumamosi. Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha usiku wa Jumapili, na gunia halikuwa limefunikwa. Nzi walitokea siku ya Jumatano, juma lililofuata. Siku kumi.

Samadi ya kuku ikiwa kavu haizai nzi. Ni ule unyevu. Ningeitandaza juani siku ile ile, au ningeifunika kwa turubai, au ningeichimbia kitaluni mara moja, hakuna ambaye angeitwa kikaoni. Niliitandaza siku hiyo, jua likaua mabuu. Nikachimbua udongo wa ukingoni na kumwaga maji ya moto. Tukakubaliana wapangaji wote kwamba taka za jikoni zisilale uani zaidi ya siku tatu, kwa sababu taka zikiondolewa mara mbili kwa juma mzunguko wa nzi hukatika kabla buu hajakomaa, hata kama guta la mtaa limechelewa nasi tukalazimika kuzibeba wenyewe hadi kituo cha taka. Ndoo ikapata mfuniko. Bomba la choo likapata wavu. Vyakula vikafunikwa kwa kawa, zile kawa za ukindu ambazo bibi zetu walizisuka kabla Koch hajazaliwa, na sisi tuliosoma tukaziweka ukutani kama mapambo. Baada ya majuma mawili hivi nzi waliokuwapo walikufa kwa umri wao, na wapya hawakuja. Kopo la dawa hatukununua.

Nilivuka barabara kwenda kumwambia yule mama. Nilimkuta anakoleza moto, jua liko juu ya kichwa chake. Nikamweleza habari ya gunia, na siku kumi, na mvua, yote kwa urefu kama ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipepea.

"Kwa hiyo, Mwalimu," akasema, "walikuwa wako."

Nikasema ndiyo, mama, walikuwa wangu. Nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba nimekwisha kusema mbele ya mwenye nyumba na wapangaji wote, na kwamba wamekubali arudi. Alirudi siku ya tatu, maana alisema hawezi kuhamisha mafiga yakiwa ya moto. Wateja wengine walikuwa wamekwisha kuzoea kula kwingine, na hao hakuwapata tena mwaka ule.

Kwa vikundi vinavyokutana baada ya kipindi, kazi yenu ya juma hili ni hii: chagueni siku moja ambapo mtaa wenu uliingiliwa na nzi, mhesabu nyuma, mwandike mlichokiona. Andikeni pia taka za mtaa wenu huenda wapi, na nani anakaa huko. Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya visima vya Dar es Salaam na watu waliovichimba.